Utando Kwenye Bakuli la Kinyozi

Wa kwanza aliungua kidevu, wa pili shingo, wa tatu mashavu yote mawili. Mwalimu alikuwa wa nne, na yeye ndiye aliyepoteza macho.

Inspekta alikwenda kumwona hospitali asubuhi hiyo ya Ijumaa. Aliingia wodini na maswali kumi na mawili kwenye daftari, akatoka ameuliza mawili tu. Mwalimu alikuwa amelala chali, uso mzima umefungwa bandeji isipokuwa mdomo. Aliposikia viatu vya Inspekta vinasimama kando ya kitanda, aliuliza kama dirisha liko wazi.

"Liko wazi, mwalimu."

"Na jua limetoka?"

"Limetoka."

"Ahsante. Daktari ameshaniambia ukweli wangu, afande. Nilitaka tu kujua kama ni asubuhi."

Miaka ishirini na mbili ya kazi, Inspekta alikuwa ameona maiti za kila namna, lakini kwa maneno hayo alifunga daftari. Ndiyo maana saa tatu na nusu, alipofika kwa kinyozi, hakumsalimia sana. Alivuta kiti cha wateja, akakaa palepale alipokuwa amekaa Mwalimu, akamtazama yule mzee kupitia kwenye kioo.

"Nieleze tena. Tangu alipokaa hapa."

Kinyozi alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mikono yake imeshikana kwa nguvu tumboni. Tangu Jumanne mikono hiyo ilikuwa ikitetemeka, na kinyozi anayetetemeka hana kazi.

"Alikaa. Nikamfunga shuka. Nikakamua krimu kwenye bakuli, nikapiga povu kwa brashi, nikampaka. Akasema inamchoma kidogo. Nikamtania, nikamwambia uzee unaanzia kwenye ngozi."

"Halafu?"

"Nikamfunika taulo la moto."

"Uso mzima?"

"Uso mzima, macho na yote. Ndivyo anavyopenda. Miaka kumi na tisa namnyoa hivyo, huwa anasinzia humo ndani." Kinyozi aligeukia mlango. "Simu yangu ikaita. Nikatoka kibarazani. Dakika nne, labda tano. Niliporudi alikuwa anapigapiga miguu. Nilidhani anaota, afande. Nilisimama nikamcheka."

Koplo, aliyekuwa akiandika kwa kuegemea mlango, aliinua kalamu akaitazama sakafu. Yeye mwenyewe alikuwa hajanyoa tangu Jumanne, na kidevu chake kilishaanza kuwa kama brashi ya viatu.

Inspekta aliinuka. Juu ya meza kulikuwa na bakuli lilelile la siku ile. Polisi walikataza lisiguswe, na povu lilikuwa limekauka humo. Kuzunguka ukingo wa ndani palikuwa na duara la kijivu, linalonata kama nta chafu. Alilikwangua kidogo kwa ncha ya kalamu.

"Hiki nini?"

"Utando tu, afande. Maji ya upande huu ni magumu, ya kisima. Sabuni ikikutana nayo inaacha takataka hiyo. Zamani nilikuwa nasugua bakuli kila jioni mpaka kucha zinaisha. Ndiyo maana niliipenda krimu mpya ya yule binti wa kiwandani. Yenyewe haiachi kitu."

"Haiachi kitu?"

"Hata doa. Unasuuza, basi."

"Na siku ile ulitumia ipi?"

"Hiyohiyo mpya. Tyubu zake si mlizichukua?"

"Basi huu utando umetoka wapi?"

Kinyozi aliinama juu ya bakuli. Akalitazama kwa muda mrefu, na mdomo wake ukafunguka polepole ukabaki hivyo.

"Sijui," alisema mwishowe. "Haki ya Mungu, sijui."

* * *

Kiwanda kilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu. Kilikuwa nyumba ndefu ya bati, geti limefungwa kwa utepe wa polisi, na vioo vya mbele vyote vimevunjwa kwa mawe. Mtu alikuwa ameandika ukutani kwa mkaa: KEMIKALI.

Kila mtu mjini alikuwa na maelezo yake tayari. Kwa miaka arobaini, Mama Sabuni alipika humo sabuni ya kunyolea, na hakuna mwanamume wa rika la Koplo ambaye ndevu zake za kwanza hazikupita kwenye povu lake. Miaka miwili iliyopita binti yake wa pekee alirudi na shahada ya kemia, akaanza kutengeneza krimu isiyo na sabuni ndani yake. Wateja wakahamia huko. Sufuria la mama likabaki linapikwa mara moja moja tu, kwa wazee wachache wasiotaka kubadilika. Sasa watu wameungua, na lawama zote zimeelekea upande mmoja. Mkuu wa kituo naye alishasema: ikifika saa nane mchana bila jina jingine, huyo binti, Mkemia kama walivyomwita, afunguliwe mashtaka.

Mkemia alikuwa amekaa juu ya pipa lililopinduliwa, koti lake jeupe magotini.

"Umekuja kunifunga?"

"Bado. Nimekuja kufundishwa. Nieleze tofauti ya krimu yako na sabuni ya mama yako, kama unamweleza mtu ambaye hakwenda shule."

Yule binti alimtazama kuona kama anadhihakiwa. Alipoona sivyo, akavuta pumzi.

"Sabuni ni mafuta yaliyopikwa na kostiki, ile chumvi kali inayokula mpaka chuma. Vipimo vikikaa sawa, kostiki yote inaisha ndani ya mafuta, unabaki na sabuni. Ikizidi, ile iliyobaki inakula ngozi ya mtu. Krimu yangu haina kostiki ya kupikia. Kinachotoa povu kinakuja kwenye mapipa kikiwa tayari, kimetengenezwa kiwandani. Mimi nachanganya na maji na glisirini, napima ukali, nafunga. Nikikosea, povu linakuwa jepesi. Kumuunguza mtu macho siwezi hata nikitaka."

"Watu wanasema ni kemikali."

"Watu wanasema kemikali kama vile sabuni inachumwa mtini."

Koplo alikohoa kuficha kicheko.

"Kwa kinyozi kuna utando kwenye bakuli," Inspekta alisema.

Mkemia aligeuka ghafla. "Utando wa kijivu? Unaonata?"

"Huohuo."

"Huo si wangu. Maji magumu yanaikamata sabuni, hayaikamati krimu yangu. Niliitengeneza kwa sababu hiyohiyo, vinyozi wa kule walikuwa wanalalamika." Alisimama, koti likaanguka chini. "Inspekta, huo ni utando wa sabuni."

"Unaweza kunionyesha? Majibu ya maabara ya serikali yanatoka baada ya siku tisa. Mimi nina saa nne."

"Nipe siki."

"Hapana. Wewe utasema, mikono yako mgongoni. Mimi nitafanya."

Koplo alitumwa dukani, akarudi na chupa ya siki na bilauri mbili. Inspekta alivaa glavu. Katika bilauri ya kwanza akakoroga krimu kutoka tyubu iliyokuwa imefungiwa ghalani na muhuri wa polisi. Katika ya pili akakoroga krimu iliyobaki kwenye tyubu ya kinyozi. Kwa macho zilikuwa sawa, nyeupe na povu juu.

"Kijiko kimoja kimoja," Mkemia alisema.

Bilauri ya kwanza ilipokea kijiko cha kwanza cha siki, cha pili, cha tano, ikabaki vilevile kama haijaguswa. Bilauri ya pili nayo ilipokea vijiko vitatu bila dalili yoyote, na Koplo akaanza kutikisa kichwa. Inspekta alipotia cha nne, maji yaligeuka kama maziwa yaliyoharibika. Vipande vyeupe vikajitenga, vikapanda juu vikaelea, na povu lote likafa.

Koplo aliacha kutikisa kichwa.

"Siki inaivunja sabuni," Mkemia alisema, sauti yake imeshuka. "Mafuta yanarudi kuwa mafuta. Yangu siki haiwezi kuivunja."

"Na kwa nini vijiko vitatu vya kwanza havikufanya kazi?"

Mkemia alirudi kukaa juu ya pipa. "Kwa sababu kuna kostiki ya bure humo. Ilikuwa inaimeza siki kwanza. Sabuni nzuri inavunjika kwa kijiko kimoja." Alitazama mikono yake. "Hiyo ni sabuni mbichi, Inspekta. Mtu ameitia kwenye tyubu zangu, na Mwalimu amefunikwa nayo taulo la moto."

Koplo ndiye aliyeona la pili. Alikuwa amezishika tyubu mbili sambamba, anazigeuza kwenye mwanga.

"Afande, tazama mkiani. Hii ya ghalani imebanwa na mashine, ina tarehe. Ya kinyozi haina tarehe. Imekunjwa kwa mkono. Mara tatu."

Walimwaga mezani mfuko wa tyubu zote zilizokusanywa mjini tangu Jumanne, mia moja na themanini na ushee, wakaanza kuzigeuza moja moja. Zilizokunjwa kwa mkono zilikuwa ishirini na nne kamili: nne zilizofunguliwa, za wale walioungua, na ishirini ambazo zilikuwa hazijaguswa. Katoni moja inabeba tyubu ishirini na nne.

"Nani anajua kufunga tyubu bila mashine?" Inspekta aliuliza.

Mkemia alisita. "Kulikuwa na fundi. Tulimwita Mashine. Nilimwachisha kazi miezi miwili iliyopita, na alipokuwa anatoka aliniambia krimu hii itakuja kuniunguza."

Koplo alishavaa kofia.

* * *

Mashine alikuwa sasa anashona viatu chini ya ngazi za jengo la ofisi. Mtu mkubwa, mabega kama kabati, ameinamia kiatu cha mtoto. Aliposikia wanachotaka, hakuacha kushona.

"Nilisema itamuunguza kichwa. Mtoto alikuwa hali, hapumziki, kutwa anahangaika na vipimo. Nilimbeba yule mgongoni kabla hajajua kutembea. Nimuunguze ili iweje?"

"Alikufukuza."

"Alinunua mashine ya kufunga tyubu. Mimi ndiye niliyekuwa mashine." Alikata uzi kwa meno. "Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Ile inafunga mia mbili wakati mimi nafunga thelathini."

"Jumatatu, siku mzigo ulipotoka, ulikuwa wapi?"

"Hapa. Waulize wenye viatu."

Inspekta alimwekea tyubu kwenye goti, ndani ya mfuko wa nailoni. "Hii umeifunga wewe."

Mashine aliitazama kwa dharau kwanza. Kisha akaweka kiatu chini, akaisogeza karibu na macho, na uso wake ukabadilika.

"Hii si yangu. Mimi nakunja mara mbili, nabana kwa koleo. Hii imekunjwa mara tatu, kona imeingizwa ndani kama bahasha. Haikupita koleo. Ni kidole gumba tu."

"Nani anakunja hivi?"

Alimrudishia tyubu. Akachukua kiatu. Sindano ilikataa kuingia tundu lake.

"Nani?"

"Afande, nikamate mimi. Yaishe."

"Siandiki ambacho hakikutokea. Nani anakunja hivi?"

"Aliyenifundisha," Mashine alisema, na machozi yakaanza kumlengalenga, jitu lile. "Kabla ya mimi, mikono iliyofunga tyubu kiwandani ilikuwa miwili tu. Ya mwenyewe. Ya Mama."

Kalamu ya Koplo ilisimama kwenye karatasi. Alimtazama Inspekta kama mtu anayeomba aambiwe amesikia vibaya.

* * *

Mama Sabuni aliishi nyuma ya kiwanda, vyumba viwili na jiko. Walifika saa saba na robo, wakiwa na Mkemia, ambaye Inspekta alimwita bila kumwambia kwa nini. Yule mama alikuwa mfupi, mnene kidogo, viganja vimekakamaa na kuwa vyekundu kwa miaka ya kazi. Aliwapokea kama wageni wa kawaida.

"Karibuni wanangu, karibuni. Hamtamfunga mtoto wangu? Kaeni kwanza, chai iko tayari. Hamtaongea na mimi mkiwa na njaa."

"Mama, hatukuja kukaa," Inspekta alisema.

"Kila polisi husema hivyo, halafu anakaa."

Wakakaa. Mama Sabuni aliwamiminia, akatia sukari mwenyewe kutoka kwenye kopo la bati, vijiko viwili viwili, bila kuuliza. Yake akatia vitatu. Huku akisema na kuguna kuhusu vile vioo vilivyovunjwa, kuhusu madawa aliyomkataza binti yake tangu mwanzo, kuhusu Mwalimu, ambaye yeye mwenyewe alimlilia siku mbili.

Inspekta alinywa funda moja. Akaliacha mdomoni, halimezeki wala halitemeki. Pembeni yake Koplo alikuwa ameshameza na macho yamemtoka. Ilikuwa chumvi. Chumvi tupu, vijiko viwili kwenye kikombe kimoja.

Mama Sabuni aliinua kikombe chake, akanywa nusu, akapumua kwa raha. Kisha akachota kijiko kingine kutoka kwenye lile kopo.

"Chai isiyokolea sukari siiwezi," alisema, akakoroga.

 Inspekta alimsogezea Mkemia kikombe chake. Yule binti alionja kwa ncha ya ulimi na kukiweka chini.

"Mama," alisema taratibu. "Umetia chumvi."

"Chumvi gani?"

"Kwenye chai. Hilo ni kopo la chumvi."

Mama Sabuni alinywa tena, akatafuna midomo, akasikiliza. "Mbona tamu," alisema.

Jikoni bomba lilikuwa likidondoka. Inspekta alifungua daftari.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu lini nini?"

"Chakula kimekuwa hakina ladha."

"Ah. Ile homa iliniharibu kinywa, miezi mitatu sasa. Na kabla ya hapo ulimi ulishakuwa mzito. Uzee tu. Sikusema, watu wangeanza kunipikia uji."

"Na sabuni, unajuaje imeiva?"

Hapo alicheka, cheko la mtu aliyeulizwa kitu anachokijua. "Kwa ulimi, mwanangu. Miaka arobaini. Unagusa kidogo hapa ncha. Ikikuuma, kostiki bado ipo, unaendelea kupika. Isipouma, tayari."

"Na ya mwisho uliyopika? Ile uliyoitia kwenye tyubu za binti yako na kuzifunga mikunjo mitatu?"

Cheko liliisha. Mama Sabuni alimtazama binti yake, kisha mikono yake mwenyewe.

"Basi mmeijua," alisema. "Nilitaka waisifu. Ni hilo tu. Nilichukua katoni moja ya tyubu tupu, nikajaza yangu, nikaichomeka kwenye mzigo wa Jumatatu. Kinyozi angekuja anasema, mama, krimu ya wiki hii ni kiboko. Ningemwita binti yangu asikie. Halafu ningemwambia, hiyo ni ya mama yako." Alifuta mdomo kwa upande wa kanga. "Hilo sufuria mwezi ujao linauzwa chuma chakavu. Nilitaka liseme neno moja kabla halijaondoka."

"Uliposikia watu wameungua?"

"Nililia. Nilijua ni zile dawa zake. Nilimwonea huruma, nikanyamaza, nisimwongezee."

"Nakuuliza sabuni yenyewe, mama. Ulipoionja, iliuma?"

"Haikuuma hata kidogo. Sijawahi kupika sabuni tulivu namna ile."

Mkemia alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Kostiki uliitoa wapi?" aliuliza kupitia vidole.

"Kwenye pipa jipya uliloniletea. Nilipima kwa kikombe changu kilekile."

"Ile ya zamani ilikuwa imelowa, Mama. Ilikuwa imeshapoteza nguvu. Hii ni kavu. Kikombe kimoja cha hii ni karibu viwili vya ile."

"Ulimi ungeniambia."

Alilisema kwa uhakika, kama anavyolisema siku zote. Halafu akaanza kulisikia. Walimwona akilisikia. Macho yake yalitoka kwenye uso wa binti yake, yakaenda kwenye kikombe cha chai, yakabaki hapo, na rangi ikamtoka usoni mpaka midomo ikawa kijivu.

"Mwalimu," alisema. "Ni mimi?"



Koplo alipumua kwa nguvu, akaufunga mfuko wa tyubu. "Angalau ishirini na nne zote tunazo, afande," alinong'ona.

Inspekta alikuwa bado anaandika. Kalamu ikasimama.

"Mkemia. Sufuria la mama yako likijaa linatoa kilo ngapi?"

"Kumi."

"Tyubu ishirini na nne ni kilo ngapi?"

"Mbili na..." Yule binti aliinua kichwa. "Hazifiki mbili na nusu."

"Nyingine iko wapi, mama?"

Mama Sabuni alielekeza kabati la jikoni bila kuinuka. Koplo alilifungua kwa pupa. Makopo ya bati ya kilo moja yalikuwa yamepangwa vizuri, vifuniko vimefutwa, kila kimoja na karatasi yake. Alihesabu mara mbili.

"Sita."

"Saba," Mama Sabuni alisema. "Nilijaza saba."

"La saba liko wapi?"

"Nimelipeleka hospitali jana jioni. Nyie mlichukua krimu yote ya mjini. Wale wanaume wa wodini wangenyolewa na nini kabla ya upasuaji?" Sauti ilimkatika. "Nikaona niwapelekee kitu salama."

Inspekta alishapiga simu kabla sentensi haijaisha. Iliita mara sita. Muuguzi aliyepokea alikuwa na sauti ya uchovu.

"Kopo la sabuni ya kunyolea, la bati, limeletwa jana na mama mmoja. Liko wapi?"

"Analo mhudumu anayenyoa wagonjwa. Sabuni nzuri, ina povu—"

"Anamnyoa nani sasa hivi?"

"Kitanda cha tisa, dereva, wa ngiri. Anaingia upasuaji saa nane."

"Ameshampaka?"

Viatu vikakimbia kwenye sakafu. Kutoka mbali, ndani ya simu, sauti ya mwanamke ikaita, sauti ya mwanamume ikauliza kuna nini, chuma kikaanguka. Inspekta alisimama katikati ya chumba, simu sikioni, akiutazama ukuta. Mkemia alikuwa amemshika Koplo mkono bila kujua.

Muuguzi alirudi anahema. "Tumbo. Amempaka tumbo. Mgonjwa alikuwa anamwambia inamchoma, naye anamwambia avumilie."

"Maji. Mengi, ya bomba, dakika ishirini bila kuacha. Hilo kopo lifungwe, asiliguse mtu. Kuna mwingine aliyepakwa leo?"

"Huyu ndiye wa kwanza, afande."

"Ngozi ikoje?"

"Nyekundu. Haijachubuka. Anatukana, kwa hiyo mzima."

Inspekta aliteremsha simu.  Akaanza kumweleza Mama Sabuni, kwa maneno ya kazi, kwamba atakwenda naye kituoni, kwamba ana haki ya kuwa na wakili, kwamba si lazima aseme kitu. Aliyasema akiwa ameshusha macho kwenye daftari, na kwa hiyo hakuona. Koplo naye alikuwa amegeuka kutafuta boksi la kutia makopo.

Mama Sabuni alikuwa amesimama kabatini. Alifungua kopo, akachota kwa kidole, akakitia mdomoni.

"Mama," Mkemia alisema.

Yule mama alisimama wima, macho amefumba, ulimi ukizunguka ndani ya shavu, kama alivyofanya kila wiki kwa miaka arobaini mbele ya sufuria. Alikuwa anasikiliza. Ute mwekundu ukaanza kumtoka pembeni ya mdomo, ukateremka kidevuni, naye hakuufuta, maana hakujua upo.

"Haiumi," alisema. Alifumbua macho, akamtafuta binti yake. "Haiumi, mwanangu. Haiumi hata kidogo."

Mkemia alimfikia kwa hatua mbili. Alimshika kichwa, akamwinamisha kwenye sinki, akafungua bomba mpaka mwisho. Kwa mkono mmoja alimshika taya, kwa mwingine alimsugua ulimi, ufizi, midomo, maji yakiwalowesha wote mpaka kifuani. Mama hakubisha. Alikuwa ameinama pale kama mtoto anayeogeshwa.

Simu ya Inspekta ilitetemeka mkononi. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Saa nane kasoro dakika tano. Namfungulia yule binti mashtaka au una jina?"

"Usimfungulie. Ninalo jina. Nakuja na mtu mwingine."

"Amekiri?"

Inspekta aliwatazama pale sinkini. Mkemia alikuwa analia na kuhesabu kwa sauti, dakika baada ya dakika, vidole vyake bado viko ndani ya mdomo wa mama yake.

"Amekiri," alisema. "Tutachelewa kidogo. Binti yake bado anamwosha."